Mluzi wa Bosi wa Mwisho

Kwenye nyumba ya msiba hakuna mziki. Redio huzimwa, simu huwekwa kimya, hata mwenye kuosha vyombo hujizuia asiimbe, mpaka siku ya kutoa matanga. Kwa hiyo Falone aliposikia wimbo mchana ule, baada ya chakula, akiwa ameketi barazani kwake mjini Kasongo na kitambaa cheusi kichwani, kwanza alikasirika. Alidhani ni majirani. Akasimama aende akawape vidonge vyao. Hapo ndipo alipotambua kwamba sauti inatoka nyuma yake, kwenye chumba cha michezo, na chumba hicho kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na ufunguo wenyewe ulikuwa kwenye pindo la kitenge chake.

Ulikuwa mluzi wa mwanamume. Ulianza chini, ukapanda, ukapanda, ukafika mahali ukakatika kidogo, kama mtu anayevuta hewa, kisha ukaendelea. Falone aliujua ule wimbo. Aliijua na ile pumzi. Akakaa chini palepale.

Chumba kilikuwa cha Lwamba, mume wake, tangu kabla hawajaoana. Kuta za udongo, sakafu ya udongo, benchi moja refu, televisheni moja, na mashine ya michezo iliyokwisha kuchezwa mjini Kindu na watu wasiojulikana. Juu ya bati palikuwa na paneli za jua. Vijana wa mtaa walijaa mle kutwa nzima, na wazazi wao walimlaani Lwamba kwa kuwaharibia watoto. Yeye alicheka tu. Hakupenda sana kushinda. Alichopenda ni mziki, na hasa mziki wa bosi wa mwisho.

Asiyeijua michezo hii nimwambie. Kila mchezo una adui wa mwisho, mkubwa kuliko wote; ukimshinda, mchezo umekwisha. Vijana humwita bosi. Na mtunzi wa mziki humwekea huyo kila alichonacho jikoni, bila kubakiza. Basi mle ndani palikuwa na ubishi wa kila siku, mziki wa bosi yupi ni mtamu zaidi. Mmoja alisifu ule wa gitaa za umeme, mwingine alisifu ule wa ngoma tupu, wakakaribia kushikana mashati. Lwamba aliwaacha wachoke, kisha akatoa hukumu yake ileile: hakuna unaoufikia ule wa jitu la ziwani.

Jitu hilo lilikuwa bosi wa mchezo mmoja wa zamani, wa shujaa na upanga. Linapotokeza ziwani na mabawa yake manne, ngoma zinaanza. Baada ya ngoma wanaingia wanawake, kwaya nzima, wakiimba bila maneno. Na juu ya kwaya inapanda filimbi moja, peke yake. Filimbi hiyo ndiyo Lwamba aliyoipiga kwa mluzi akioga, akila, akifunga viatu. Palikuwa na mahali filimbi inapopanda bila kupumzika, na pumzi ya Lwamba haikutosha. Kila mara alikatika palepale, akavuta hewa, akaendelea.

Wala hakuwahi kuliua lile jitu. Alilizunguka tu, akilikwepa, upanga umeshushwa, huku anasikiliza.

"Nikiliua, mziki inakufa," alisema. "Juu ya nini nilimalize?"

Falone naye alinaswa na mziki huohuo. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya parokia, na siku moja akienda mazoezini alisikia wanawake wakiimba ndani ya kibanda cha udongo. Akachungulia mlangoni.

"Papa, hii kwaya ni ya parokia gani?"

"Parokia ya bosi," Lwamba alijibu bila kuondoa macho kwenye televisheni. "Ingia, misa haijaisha." Akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Falone hakufika mazoezini siku hiyo, na kwaya ya parokia ilimsema mpaka harusi.

Kisha likaja wazo la kununua mashine ya pili. Lwamba akawa akienda machimboni Salamabila kwa pikipiki, akishuka shimoni kutafuta dhahabu pamoja na rafiki yake Pitchou. Siku moja shimo likaanguka. Wenzao walichimbua mpaka maji yakawazidi, wakaacha. Lwamba hakupatikana. Pitchou, aliyevunjika mguu, alirudi Kasongo akichechemea na udongo uliofungwa kwenye kitambaa, maana wachimbaji wale wana desturi yao: mtu akibaki chini, huchotwa udongo wa mdomo wa shimo, ukapelekwa kwao ukazikwa siku ileile unapofika, kabla ya jua kuzama.

"Shemeji, tumuzike leo," Pitchou alimwambia. "Hii udongo hailale ku nyumba."

"Miye sizike udongo," Falone alisema. "Sikuolewa na udongo."

Pitchou hakuwa na moyo wa kubishana na mjane. Falone akautia ule udongo kwenye kopo la maziwa ya unga, akaliweka kwenye chumba cha michezo alichokipenda Lwamba, nyuma ya televisheni, akafunga kufuli. Hilo ndilo kosa, na alilifanya kwa mapenzi.

Sasa mluzi ulikuwa unamwita. Alifungua mlango. Televisheni ilikuwa imezimwa, waya wake umeviringishwa kwenye msumari. Lakini chumba kilinuka tope bichi, na petroli, ile harufu iliyokuwa kwenye nguo za Lwamba kila aliporudi kutoka Salamabila, ya zile mota za kunyonya maji shimoni.

"Lwamba?"

Mluzi ukapanda, na mahali pale penye pumzi, karibu kabisa, mtu akavuta hewa.

Mwenye akili angekimbia. Falone alifunga mlango kwa ndani, akaketi kwenye benchi, akalia kwa furaha. Na kesho yake mchana alirudi, na keshokutwa, mpaka ikawa ndiyo saa anayoishi kwa ajili yake. Na kufuli akaacha kulifunga.

Walikuwa na mtoto mmoja, Naomie, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajaota. Hata uji wa moto hakuweza kuupuliza bila kujirushia mate. Siku moja Falone alitoka barazani akamkuta mtoto uani, anaosha kikombe, macho ameyafumba, anapiga mluzi. Safi, bila kuteleza popote. Ngoma tu ndizo hazikuwapo. Ulipofika pale pa kupanda, mtoto akakatika, akavuta hewa nzito ya mtu mzima, akaendelea.

"Naomie!" Kikombe kikaanguka. "Nani alikufundisha ile?"

"Papa."

"Papa iko wapi?"

"Chini." Mtoto alionyesha chumba kwa kidevu. "Anasema mulango ni kadogo. Anasema niupanue, kiisha nishuke."

Falone akamshika mikono. Kucha zote zilikuwa zimejaa udongo, mbili zimevunjika, na mtoto hakuonekana kusikia maumivu. Akamwacha pale, akaingia chumbani, akasogeza televisheni. Kopo lilikuwa limelala ubavu, tupu, na chini yake, kwenye sakafu aliyoifagia kwa mkono wake maisha yake yote ya ndoa, palikuwa na shimo la upana wa mabega ya mtoto, limechimbwa vizuri, kingo zimelainishwa kama wachimbaji wanavyolainisha mdomo wa shimo ili kamba isikatike, na Falone alipopiga magoti akatia mkono ndani hakugusa kitu, akatia mpaka kiwiko, akatia mpaka kwapa, shavu likiwa limelala kwenye udongo, na bado vidole vyake vilikuwa vinaning'inia kwenye baridi isiyo na mwisho, na kutoka kule chini, mbali, halafu si mbali, halafu palepale chini ya sikio lake, kitu kikavuta hewa na vidole vingine, vyenye maji, vikagusa vya kwake kwa upole sana. Alijirusha nyuma mpaka akagonga ukuta.

Alilijaza shimo mawe. Asubuhi lilikuwa wazi, na mawe yamepangwa safi kando ya ukuta. Katekista alikuja na maji ya baraka, akasali vizuri, mluzi ukanyamaza kwa adabu. Alipoondoka ukaendelea palepale ulipoishia. Naomie naye aliacha kula, au tuseme aliacha kula chakula, kwa maana Falone alimkuta nyuma ya nyumba anatafuna udongo taratibu. Mwili wake ulikuwa baridi hata akilala juani. Falone, ambaye hata katekista alikuwa amemweleza nusu tu, sasa alimwita Pitchou na kumwambia yote.

Pitchou alipousikia mluzi alikaa chini na kujifunika uso.

"Shemeji, mu shimo hakuna mutu anapiga muluzi," alinong'ona. "Kila shimo iko na ma-PDG wawili, mabosi wawili. Wa juu ni ule mwenye vyombo, ule anatulisha. Wa chini hatumuone. Ukipiga muluzi, wa chini anajifunza sauti yako. Nilimwambia Lwamba, akacheka. Siku ya kwanza alipiga hii ya bosi. Sisi wote tukanyamaza. Kiisha chini kabisa, kule hakuna mutu, kitu ikamurudishia."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia tuzike, shemeji. Nilikuambia."

Walikwenda kwa Mwalimu Nourdine. Huyu alikuwa mwalimu wa madrasa anayesomea watu wenye majini, Waislamu kwa Wakristo, na enzi za Lwamba alikuwa hodari wa kuja na fimbo kuwatoa wanawe kwenye chumba kile kwa masikio. Falone alidhani atawafukuza. Alikuja saa ileile. Akasimama mlangoni, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Ni ile ya jitu ya ziwa," akasema. Alipoona wanamshangaa, akakunja uso. "Munaniangalia nini? Myaka yote nilisimama pa huu mulango nikingoja watoto. Hata miye ilinikamata, Mungu anisamehe." Kisha sauti yake ikashuka. "Lakini musikilize. Inazunguka tu. Inafika pale, inarudi mwanzo. Haimalizike."

"Lwamba hakumuua bosi hata siku moja," Pitchou alisema. "Bosi akiwa hai, wimbo unazunguka."

"Basi alimufundisha jini wimbo haina mwisho. Njo maana haendi kwake. Anatafuta mwisho. Asipoupata, anachukua mutu wa kumutafutia." Akamtazama Naomie aliyekuwa amelala kwenye mkeka, macho wazi, midomo imejiviringa. "Leo. Jua ikiwa juu. Muwashe ile mashine, mama Naomie, na ummalize bosi. Wewe mwenyewe. Wewe njo ulikataa kumuzika."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Falone bila kelele.

"Ile si bwana yako," Mwalimu alisema kwa upole. "Ile ni mwizi ya pumzi yake."

"Lakini pumzi ni yake, Mwalimu."

"Ndiyo," akasema. "Pumzi ni yake."

Pitchou aliunganisha nyaya za betri. Mwalimu akaketi karibu na shimo, akamshika Naomie kwa mikono miwili, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Falone akakaa kwenye benchi na manete, kile kidude cha vifungo ambacho mara zote alikuwa akikishika tu kumpisha Lwamba anywe maji. Ziwa likatokea. Jitu likapanda kutoka ndani yake, mabawa manne, na ngoma zikaanza.

Shujaa alikufa mara moja. Mziki ukaanza upya.

"Ruka! Rudi nyuma! Ngoja afungue mabawa!" Pitchou alinong'ona. "Akifungua tu, piga!"

Shujaa akafa tena, na tena, na kila alipokufa ngoma zilianza mwanzo, na mluzi kutoka shimoni ukaanza nazo, ukichelewa nyuma ya filimbi kidogo tu, na kila ngoma zilipoanza Naomie aliteleza kidogo kuelekea shimoni ingawa Mwalimu alikuwa amemkumbatia na visigino vyake vimechimba sakafu, na harufu ya tope na petroli ilijaa mpaka machozi ya Falone hayakujulikana ni ya kilio au ya petroli, na nje wingu likapita mbele ya jua, na taa ya betri, iliyokuwa ya kijani, ikageuka ya manjano, na miguu ya mtoto, miguu midogo aliyoiosha asubuhi ileile, ikaingia shimoni mpaka magoti.

"Mama Naomie."

Haikuwa sauti ya Pitchou. Haikuwa ya Mwalimu. Ilitoka chini, ikiwa na uchovu na mapenzi yote aliyoyajua.

"Mama Naomie. Juu ya nini ulimalize?"

Mikono ya Falone ilisimama. Shujaa naye akasimama. Kwenye televisheni jitu likaanza kukusanya nguvu, na kwaya ikapanda, na hapo ule uimbaji wake wa miaka mingi ukamwambia kitu ambacho macho hayakukiona. Jitu lilikuwa linafuata mziki. Lilifungua mabawa mara moja tu, katikati ya kupanda kwa filimbi, mahali palepale Lwamba alipokuwa akikatika. Pale pa pumzi. Ndipo pa kupiga, na hapakuwa na pengine.

Akafumba macho. Ngoma zikapita. Wanawake wakaingia. Filimbi ikaanza kupanda, na mluzi nyuma yake, na Falone akasema kwa sauti, "Nisamehe, papa Naomie," na chini ya sakafu mume wake alipovuta hewa, yeye akapiga.

Akapiga tena wimbo ulipozunguka, palepale. Na tena. Kila pumzi aliipiga, akilia kwa sauti kubwa kama ambavyo hakuwahi kulia msibani, mpaka Pitchou akapiga kelele, na Falone akafumbua macho akaona jitu linazama ziwani na mabawa yamekunjika.

Mziki ukanyamaza. Halafu ukaanza mwingine. Ilikuwa filimbi ileile, lakini taratibu, na kwaya chini yake kama watu wanaorudi nyumbani wamechoka. Hakuna aliyewahi kuusikia mle ndani. Ulikuwa mzuri kuliko ule wa kwanza. Falone akawaza kwamba Lwamba aliishi na mchezo huu miaka yote, akafa bila kuusikia, na wazo hilo lilimuuma kuliko shimo la Salamabila.

Mluzi ulijaribu kuufuata. Ukapotea. Ukajaribu tena, chini zaidi, kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba asiyoijua, ukashindwa, ukaenda mbali, ukaisha. Taa ya betri ikazima. Naomie akapiga chafya, akaanza kulia kwa njaa.

Shimo sasa lilikuwa na kina cha kiganja tu. Udongo wa Salamabila ulikuwa humo, mkavu. Waliuzika uani kabla ya jua kuzama, Mwalimu akisimama kando kwa heshima wakati Falone anaimba wimbo wa wafu. Naomie alikunja midomo, akajaribu kupiga mluzi, na kilichotoka ni upepo na mate.

"Bosi angali hai mu kadi," Pitchou alisema, akichomoa kile kipande cha plastiki kinachohifadhi mchezo. "Tulimuua bila kuandika humu kifo chake. Ukifungua tena, utamukuta palepale ziwani."

"Basi kadi iende mu maji ya muto Lualaba," Mwalimu Nourdine alisema. "Unanisikia, mama Naomie? Jini ya shimo haiitwe mara mbili."

"Nimesikia, Mwalimu."

Matanga yakatolewa. Likizo ilipofika Falone alimpeleka Naomie Nyangwe kwa bibi yake, na asubuhi ya kurudi akashuka mtoni peke yake. Wavuvi walikuwa wanasukuma mitumbwi. Maji yalikuwa mapana na ya haraka, hayakumwuliza chochote. Alisimama na kadi mkononi mpaka mvuvi mmoja akamwuliza kama anavuka. Akasema hapana, akaifunga kadi kwenye pindo la kitenge, akarudi Kasongo.

Alivumilia. Lazima nimsemee hilo, alivumilia kweli. Alijaribu kupiga mluzi huo mwenyewe jikoni, lakini yeye ni mwimbaji, pumzi yake ni ndefu, alipita pale pa kupanda bila kukatika, na haukuwa wimbo wa Lwamba.

Jumapili moja baada ya misa, mtoto angali Nyangwe, alifunga mlango wa chumba kwa ndani. Jua lilikuwa kali. Akachomeka kadi. Ziwa likatokea, jitu likapanda, ngoma zikaanza, na Falone akaweka manete mapajani, hakugusa kitu. Wanawake wakaingia. Filimbi ikapanda, na nyuma yake, kutoka chini ya sakafu, mtu akaichukua.

Harufu ya tope ikaingia chumbani. Pale pa pumzi, karibu na shingo yake, hewa ya baridi ikavutwa.

Falone alijua si mume wake. Akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.